Kabla Hujalaza Kichwa Mikononi mwa Mtu

Aliyewahi kulima ntumba hahitaji kufundishwa mgongo uko wapi. Mvua zinapokaribia kwisha, majani yamerefuka na udongo bado una unyevu, mkulima wa Ufipa huinama na jembe la mkono, akageuza udongo pamoja na majani, akayafunika, akajenga tuta la mviringo, kisha akasogea hatua mbili na kuanza jingine. Majani huoza humo ndani, na msimu unaofuata tuta husambazwa na kupandwa. Ni maarifa makubwa, na yamelisha uwanda huu tangu kabla mbolea ya dukani haijafika. Gharama yake hulipwa na kiuno. Ongeza ndoo ya maji kichwani, mzigo wa kuni, uvunaji wa ulezi kwa kisu, suke moja moja. Ongeza na baridi ya Juni na Julai, ambayo pale Sumbawanga, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, humfanya mtu alale amejikunja na kuamka shingo imekaza.

Kwa hiyo ukisikia kwamba kuna tiba ya mgongo na kichwa isiyouma, isiyo na sindano wala kidonge, unalala tu na mtu anakushika kichwa, ni haki yako kutaka kujua zaidi. Tiba hiyo huitwa kraniosakro. Si sehemu ya huduma za kawaida za hospitali zetu. Mtu wa Rukwa huisikia kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo, au kwa mgeni aliyekuja kufundisha. Mara nyingi ni mtoto anayempigia mama yake simu: njoo huku, kuna mtu nimempata. Mwongozo huu ni kwa ajili ya huyo mama kabla hajakata tiketi ya basi.

Ilikotoka, na inachodai

Wazo hili ni la Marekani. William Garner Sutherland alikuwa mwanafunzi wa osteopathia, tiba ya kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono, huko Kirksville, Missouri, mwishoni mwa karne ya 19. Alipotazama mifupa ya fuvu iliyotenganishwa, kingo zake zilimkumbusha mashavu ya samaki, akajiuliza kama mifupa hiyo nayo hupanuka na kubana kama inayopumua. Alijitengenezea vifaa vya kujibana kichwa chake mwenyewe ili aone kitakachotokea, na mwaka 1939 akachapisha kitabu kuhusu fuvu. Miaka ya 1970 John Upledger, naye mtaalamu wa osteopathia, aliendeleza wazo hilo na kulifundisha hata kwa watu wasio madaktari. Taasisi yenye jina lake ilianzishwa Florida mwaka 1985, na kutoka hapo mafunzo yakasambaa Ulaya na kwingineko.

Dai lao ni hili: maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yana mdundo wake, tofauti na mapigo ya moyo na tofauti na pumzi, mara sita hadi kumi na mbili hivi kwa dakika. Mkono uliofunzwa huusikia mdundo huo, ukakuta ulipokwama, ukausaidia kufunguka.

Maji hayo yapo kweli, na hospitalini huchukuliwa kwa sindano mgongoni yakapimwe. Lakini watafiti walipowapa wataalamu wawili mtu mmoja wampime mdundo huo, majibu yao hayakulingana. Na kwa mtu mzima mifupa ya fuvu imeshikana sana, haisukumwi kwa vidole. Uthibitisho kwamba tiba hii inaponya ugonjwa fulani ni dhaifu. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu anayeuza mahindi yake ili alipie safari anastahili kulijua kabla ya kuuza.

Sasa, kwa nini watu wengi huinuka pale wamepata nafuu ya kweli? Kwa maoni yangu jibu liko kwenye vitu ambavyo kila mtu anaviona: saa nzima ya kulala bila kuitwa, mikono yenye joto, mtu anayekusikiliza, pumzi inayotulia, misuli ya shingo inayoachia. Kwa mwanamke ambaye tangu alfajiri hajakaa chini, saa hiyo ina thamani kubwa, wala haihitaji nadharia ya mifupa inayopumua ili iwe na faida. Ipokee kama pumziko zuri, usiipokee kama kipimo wala kama dawa ya ugonjwa.

Pima kwanza

Mikono laini haioni ndani. Kabla ya kumpa mtu kichwa au mgongo wako, pita hospitali, iwe ya rufaa ya mkoa, iwe ya Dk. Atiman pale Sumbawanga mjini, au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Jina la Atiman lenyewe lina historia yake. Adrien Atiman alizaliwa upande wa Mto Niger, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadre, akasomea udaktari Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Aliwatibu watu wa huku mpaka uzee wake, akafariki mwaka 1956. Kwa muda wote huo wagonjwa wa Ufipa na mwambao wa ziwa wamekuwa wakitumia dawa ya mzungu na ya nyumbani kwa pamoja, na sioni ubaya wa kuendelea hivyo, mradi usimpe mkandaji kazi ya daktari.

Maumivu ya mgongo yasiyongoja mkandaji wala mtaalamu yeyote wa mikono ni haya. Mguu umelegea au unazidi kukosa nguvu. Ganzi imeshika sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au mkojo haupiti, au choo kinatoka bila habari: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mgongo unauma zaidi ukiwa umelala, nawe unakonda na kutoka jasho usiku: kifua kikuu hakikai mapafuni tu, hushambulia na pingili za mgongo. Umeanguka kwenye pikipiki au umeangukiwa na mti. Una homa. Na wafugaji mnaokunywa maziwa mabichi, kumbukeni kwamba ugonjwa wa brusela kutoka kwa ng'ombe huleta homa zinazokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya mgongo na viungo, na mtu anaweza kukandwa mwaka mzima kwa ugonjwa ambao kipimo cha damu kingeusema.

Kichwa nacho kina yake. Ukitoka bonde la Rukwa au ziwani ukaanza kuumwa kichwa, pima malaria. Mtu mzima apimwe presha. Mjamzito anayeumwa kichwa, anaona ukungu, uso na mikono imevimba, asilazwe kitandani kwa mtu akashikwe utosi. Apelekwe hospitali haraka, maana hizo ni dalili za kifafa cha mimba. Kichwa kilichokuja ghafla kama pigo la rungu, shingo iliyokakamaa na homa, mdomo uliopinda, vyote hivyo ni vya hospitali.

Aliyeumia kichwa karibuni, aliyepata kiharusi, aliyeambiwa ana uvimbe au damu imevuja ndani ya fuvu, huyu tiba ya kraniosakro haimfai kabisa. Mtaalamu mwenye dhamiri hukuuliza mambo haya kabla hajakugusa. Asipouliza, nenda zako.

Siku yenyewe

Kula kidogo saa moja au mbili kabla. Ukienda na njaa utasikia kizunguzungu, na ukienda na ugali wa kushiba utalala chali kwa taabu. Vaa nguo zisizobana: dera, au blauzi na suruali laini, au gauni refu na kitenge juu yake. Nywele ziangalie mapema, kwa sababu utalalia kisogo kwa muda mrefu. Rasta nene zilizofungwa nyuma zitakuchoma, kwa hiyo zifungue au zivute juu. Hijabu au kilemba hakina haja ya kuvuliwa, mkono unaweza kukaa juu yake, na kama mtaalamu hataki hivyo, basi hakufai. Msimu wa baridi beba soksi na shuka la ziada. Mwili uliolala kimya hupoa haraka, na mtu anayetetemeka halegei.

Uliza bei kabla ya kuvua viatu. Uliza pia ni vikao vingapi anavyofikiria. Akikuambia lazima ulipie kumi kwa mkupuo, kataa. Lipia kimoja, ukapime mwenyewe.

Kwanza mtakaa na kuzungumza: unaumwa wapi, tangu lini, umewahi kufanyiwa upasuaji, unatumia dawa gani. Usifiche dawa. Halafu utalala chali kwenye kitanda kirefu chembamba, umevaa nguo zako zote isipokuwa viatu, mkanda, miwani na hereni. Chini ya magoti utawekewa mto ili kiuno kishuke. Hakuna mafuta. Hakuna kuchuliwa, hakuna kuvutwa shingo, hakuna kualishwa mifupa. Ukisikia mtu ameshika kidevu chako anataka kukizungusha kwa nguvu, hiyo ni kazi nyingine kabisa, mwambie aache.

Mara nyingi mikono huanzia miguuni au mabegani, ikakaa tu. Hapa ndipo mtu aliyezoea kukandwa na bibi wa jirani, kwa viganja vyenye nguvu na maji ya moto, hushangaa: mbona hafanyi kitu? Uzito wa mguso wenyewe husemwa kuwa kama gramu tano, sawa na kijiko cha chai kilichojaa maji. Kisha mtaalamu hukaa nyuma ya kichwa chako, akapitisha viganja chini ya kisogo, vidole vimejikunja kidogo pale fuvu linapokutana na shingo, na kichwa chote kikamlalia mikononi. Dakika ya kwanza utakuwa bado unakishikilia kichwa mwenyewe bila kujua. Shingo imezoea kubeba, haiamini upesi. Baadaye kuna kitu kinaachia, kichwa kinakuwa kizito ghafla, na wengi hapo husinzia. Mikono inaweza kuhamia pande mbili za kichwa juu ya masikio, kwenye paji la uso, juu ya kifua karibu na mtulinga, na chini ya mfupa wa kiuno ulio juu ya makalio.

Huo mkono wa kiunoni unahitaji ruhusa ya wazi. Kiganja huingia chini yako, juu ya nguo, nawe unakilalia. Mtaalamu, hasa akiwa kijana wa kiume na wewe ni mama mtu mzima, anapaswa kusema: "Mama, naomba niweke mkono chini ya kiuno, utakaa hapo dakika chache. Ni sawa?" Nawe unaweza kumjibu, "Hapana, mwanangu, hapo acha." Jibu hilo limetosha. Halihitaji sababu, na kikao kinaendelea bila sehemu hiyo. Wapo pia wanaoingiza kidole chenye glavu mdomoni kugusa kaakaa na taya, na hilo nalo unaweza kulikataa. Matiti na sehemu za siri hazihusiki kwa namna yoyote, kwa maelezo yoyote. Nenda na mtu wako, dada au binti au mume, akae chumbani. Anayekataa usiingie na mwenzako amekwisha kukuambia jinsi alivyo.

Utasikia nini? Pengine joto. Pengine tumbo linanguruma, kope zinacheza, mguu unaruka wenyewe kama mtu anayeingia usingizini. Wengine machozi hutoka bila huzuni yoyote ya kutaja, na hawana haja ya kuyaeleza. Na wengine hawasikii lolote zaidi ya kulala kidogo. Hao hawajakosea, wala hawana "mwili mgumu" kama wanavyoambiwa. Ukisikia maumivu, kichefuchefu au kizunguzungu, sema palepale.

Kikao huchukua dakika 45 hadi saa moja. Ukimaliza usiruke kusimama. Geukia ubavu, kaa kwanza, kunywa maji, ngoja. Usipande nyuma ya bodaboda ukiwa bado na usingizi, na kama unasafiri, usipange kikao asubuhi na basi la Sumbawanga mchana. Safari ndefu ya kukaa itakurudishia kila ulichopumzisha. Uchovu siku ya pili ni kawaida. Kichwa kinachouma vibaya kuliko mwanzo si kawaida.

Na kama mtu yeyote aliyekugusa atakuambia acha dawa za presha, za kifafa, za kisukari au za kufubaza virusi kwa kuwa mwili sasa "umefunguka", usirudi kwake tena, na dawa zako meza jioni hiyohiyo.

Mtoto mchanga

Hapa naomba msomaji asinipite haraka. Tiba ya kraniosakro hutangazwa sana kwa ajili ya watoto wachanga: wanaolia, wasiolala, waliozaliwa kwa uchungu mrefu. Na sisi wenyewe tuna mazoea yetu ya kushughulikia utosi, kuupaka, kuubonyeza, kukinyoosha kichwa kwa viganja vilivyopashwa moto.

Mifupa ya fuvu la mtoto haijashikana bado, imeachwa hivyo ili ubongo ukue. Utosi wa mbele kwa wengi hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu. Ukiona umebonyea, hasa mtoto akiwa anaharisha au anatapika, maana yake ni kwamba maji yamepungua mwilini. Dawa yake ni kunyonyeshwa mara nyingi, maji ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji, na zahanati siku hiyo. Ukiona umevimba na kukaza huku mtoto ana homa au analia kilio chembamba, huenda ni homa ya uti wa mgongo, na kila saa ina maana. Hali zote mbili hazina mkono wa kuzitibu. Kichwa kilichopinda kwa sababu ya uzazi mrefu mara nyingi hujinyoosha chenyewe ndani ya siku au wiki chache.

Mwaka 2009 madaktari wa Uholanzi waliandika habari za mtoto wa miezi mitatu aliyefariki baada ya shingo na mgongo wake kukunjwa na mtaalamu wa kraniosakro. Tukio kama hilo ni nadra. Lakini mtoto hawezi kusema "acha", na hilo kwangu linatosha: mtoto mchanga abebwe, anyonyeshwe, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kichwa chake kisifanyiwe kazi na mtu yeyote asiye wa hospitali.

Nani akuguse

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa chini yake husajili waganga wa asili na wa tiba mbadala. Kwa hiyo una haki ya kuuliza cheti cha usajili, na aliyesajiliwa hachukii kuulizwa. Cheti cha semina ya siku chache kilichotundikwa ukutani si usajili.

Ila kabla ya kwenda mbali, muulize daktari akupeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Watu wengi wa mikoani hudhani ni huduma ya waliopooza tu. Mgongo na shingo ni kazi yake ya kila siku, na ameisomea kwa miaka; wengi wao husomea KCMC, Moshi. Atakutazama unavyoinama, atakupima nguvu za miguu, atakupa mazoezi, na hayo mazoezi ndiyo yenye uthibitisho wa kuzuia mgongo usirudi kuuma. Ni kazi yenye jasho, haina utamu wa kusinzia kitandani. Ukipata nafasi ya vyote viwili, anza na hiyo.

Mama mkandaji wa mtaani naye ana mahali pake, kwa misuli iliyochoka na mwili uliokaza kwa kazi. Mwambie asikande mguu uliovimba upande mmoja, maana huenda damu imeganda ndani, na asiguse kiungo kilichovunjika kabla ya kupigwa picha.

Nyumbani, bila nauli

Sehemu nzuri kuliko zote ya kikao kile, kichwa kushikwa, inaweza kufanyika kwenye mkeka. Anayeumwa alale chali, miguu ameikunja au ameiweka juu ya gunia lililojaa nusu, amefunikwa. Anayeshika akae nyuma yake akiwa ameegemea ukuta, viwiko vimetulia chini, mikono ameshaiosha na kuipasha kwa kusugua. Apitishe viganja chini ya kisogo taratibu, abebe uzito, basi. Asibonyeze, asivute, asizungushe. Dakika kumi zinatosha, redio imezimwa, na mwenye kulala apumue polepole kwa pua. Binti anaweza kumfanyia mama yake, na mume kwa mke pia, hata kama siku ya kwanza wote wawili wataona haya.

Asubuhi yake angalia mpini wa jembe. Mpini mfupi unakukunja zaidi, na mrefu kidogo unapunguza kuinama. Kwenye ntumba badilisha mkono wa mbele kila baada ya matuta machache, simama, weka viganja kiunoni, jinyooshe kwa nyuma. Ndoo ya lita 20 isibebwe na binti wa miaka kumi. Anayebeba atumie ngata nzuri, asigeuze shingo akiwa na mzigo, atue kwa kusaidiwa. Mgongo ukiuma, usilale siku nzima. Tembea, fanya kazi nyepesi, maana mgongo uliolazwa muda mrefu hukaza zaidi. Maumivu yakipita wiki sita, au ikitokea dalili yoyote kati ya zile za hospitali hata siku ya pili, rudi ukapimwe tena.